Mtama Uliobaki Kwenye Koo la Mashine

Wajukuu zangu mnapenda kunipigia kelele. "Babu, chai!" mpaka majirani wote wa hapa Nzuguni wanajua saa yetu ya chai. Mnadhani sisikii. Sikio la kushoto, kweli, lilikwenda na kazi, maana ndilo lililokuwa upande wa injini. La kulia ni zima kuliko mnavyofikiri, na limeyasikia yote mliyosema juu ya koti langu. Nimewaacha mdhani mnavyodhani kwa sababu uziwi una faida zake. Moja nitawaeleza mwishoni, ingawa haitanipa sifa.

Mimi nilikuwa msagaji. Baba yenu akinitambulisha kwa wageni husema nilikuwa "mtaalamu wa mitambo", nami humwacha, maana amesoma na anaona haya kidogo. Lakini nilikuwa msagaji wa nafaka, maisha yangu yote ya nguvu, katika mji mmoja, kwenye banda moja, ingawa mashine zilibadilika.

Mji huo tuliuita Njiapanda, na jina lilitosha. Barabara ya Dodoma na ya Kondoa zilikutana katikati, na ya tatu ilichepuka kwenda magharibi, porini, kwa Wasandawe. Mjini kwenyewe tuliishi watu wa kuja: Warangi wenye maduka, Wanyaturu, Wasukuma waliofuata malisho, na Wagogo kama mimi niliyetoka Buigiri na begi moja. Wasandawe, wenye nchi ile, walikuja asubuhi na punda wao na jioni wakarudi walikotoka. Kwa hiyo wageni tulilala mjini na wenyeji wakawa wanabisha hodi. Sikuliona hilo kuwa la ajabu mpaka nilipozeeka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, tena kwa wingi. Huko kupona sijakuona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chibehe, Mgogo mwenzangu, mfupi, mwenye nyusi nyeupe kwa unga hata siku ya Jumapili. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikitegemea kuonewa huruma ya nyumbani. Akaitikia vizuri, kisha akanipa ufagio.

Alinifundisha kuitafuna nafaka kabla ya kuipokea. Punje ikipasuka kwa mlio, saga. Ikilala chini ya jino, mrudishie mwenyewe akaanike, hata kama ni mke wa mwenyekiti, maana mbichi itaziba chekeche na utashinda unalikwangua huku foleni inakutukana. Alinifundisha kuiwasha injini ya dizeli kwa hendeli, dole gumba likae upande mmoja na wenzake, usilizungushe, kwa sababu injini ikirudi nyuma haiombi radhi. Nilisahau mara moja tu. Ndiyo maana kidole hiki kinaelekea Singida wakati vingine vyote vinaelekea Morogoro.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote ni kwamba mashine haimalizi. Unamwaga gunia, unasaga mpaka mdomo uko mtupu na mlio umekuwa mwepesi, unadhani kazi imekwisha. Bado. Ndani kuna punje zimejibana kooni, pale kwenye kilango cha bati kinachozuia nafaka isishuke kwa pupa, na nyuma ya chekeche kuna unga umeganda. Mteja anayefuata anaondoka na kidogo cha aliyemtangulia. "Hivyo ndivyo mji unavyokuwa mji," Mzee Chibehe alisema. "Watu wanakulana unga bila kujua."

Watu wengine hawakutaka kujua.

Wasandawe walikuwa na mtama wao, mfupi, mwekundu, mchungu kidogo, ambao ndege waliuonja mara moja na kwenda kwa jirani. Mvua ikinyesha mara chache, wenyewe uliridhika. Unga wake ulikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu. Siku moja tulikuwa tumetoka kusaga mtama huo, akaja shangazi wa bibi harusi na mahindi ya sherehe, ana haraka, gari linamsubiri. Mzee Chibehe akamwambia asubiri kidogo, tupitishe pumba kusafisha koo. Shangazi akasema yeye hakuja kusagiwa pumba. Akamwaga mahindi mwenyewe.

Ilikuwa familia ya walokole, watu wasiogusa hata togwa iliyolala. Ugali ukaletwa mbele ya wakwe, una wekundu, una harufu ya mtama ambao mjini ulijulikana kwa kazi ya pombe tu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akaumega, akaunusa, akauliza kwa sauti, "Kumbe mnakunywa, ila mnaipika iwe ngumu?"

Tulicheka wiki nzima. Kesho yake lakini wanawake wa mjini walikuja kwa tajiri mwenye mashine, wakasema hawatasaga tena nyuma ya Wasandawe. Mzee Chibehe akamweleza tajiri mbele ya wote kwamba kosa ni la haraka ya shangazi, na dawa ni konzi ya pumba. Tajiri akasema anaelewa, lakini mteja ni mteja. Tangu hapo wenye mtama mwekundu walisaga mwisho. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, wa kwanza kufika, wanakaa ukutani juu ya magunia yao mpaka mahindi ya mjini yaishe, halafu wanarudi na giza porini. Foleni ile iliniuma. Iliniuma nikiwa nimesimama nayo, siku baada ya siku, na hakuna nilichofanya ila kusaga haraka.

Hapo ukutani ndipo nilipozoeana na Mama Yosefa. Alikuwa mwanamke mrefu, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, mkavu wa maneno. Nilipomuuliza jina la mtama wake, alilitaja, na katikati ya jina ulimi wake ulipiga mlio ambao mimi sikuwa nao kinywani. Nikajaribu. Punda wake akageuka kuniangalia.

"Umemwita punda," alisema. "Mtama bado haujaitwa."

"Shikamoo tena, mama. Nisaidie."

"Marahaba. Ulimi wako umelala, Mgogo. Uamshe."

Kila alipokuja alinijaribu, kila mara nikashindwa, na wenzake ukutani wakapata kicheko cha kupitishia jioni. Sikuwahi kulipata lile jina.

Sasa sikilizeni hili, ndilo nililokusudia. Ukaja mwaka wa njaa. Msagaji huiona njaa kabla ya serikali. Kwanza magunia yanakuwa ndoo, ndoo zinakuwa mabakuli. Watu wanaacha kukoboa, maana hakuna wa kumwachia kuku pumba. Kisha wanaleta vitu ambavyo mashine haivijui, mbegu za porini, mizizi iliyokaushwa. Siku moja akaja Mama Yosefa na kibuyu. Nikatia mkono ndani ili nitafune punje kama nilivyofundishwa, mkono ukatoka umejaa majivu.

Mzee Chibehe aliuona mkono wangu kutoka ng'ambo ya banda. Nafaka ya kula haitiwi majivu. Majivu ni ya mbegu, yanazuia fukusi asitoboe mpaka mvua ije. Akaja akasimama mbele yake.

"Mama, umebakiza?"

"Sikubakiza. Watoto wanalia."

Mzee Chibehe akaenda kuizima injini. Akarudi akijifuta mikono kwa tambara, uso wake mkavu kama wa hakimu. "Mashine imeharibika," alisema.

Mama Yosefa akamwambia maneno, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa lugha yake, na ile milio ya ulimi ikawa inadunda bandani kama mvua ya mawe juu ya bati. Mzee akangoja amalize. Kisha akafagia ile sehemu yetu, maana unga uliokuwa ukidondoka chini ulikuwa haki ya wasagaji, akaongeza na wa kwake wa nyumbani, akamfungia kwenye kitambaa. Mbegu akamrudishia. "Kapande," alisema. "Mashine itapona ukivuna."

Alivuna. Alirudi na masuke mekundu, fungu zima amelifunga kichwani kwa punda kama pambo la harusi, akampa Mzee Chibehe suke la kwanza. Tangu siku ile, wasagaji wa banda letu tulimuuliza kila aliyeleta nafaka yenye majivu: "Umebakiza?" Nao walijibu, "Nimebakiza." Ikawa kama salamu. Wanafunzi walitutania kwayo mtaani. Mimi nilidhani nimejifunza ufundi wa mwisho uliobaki duniani.

Mzee Chibehe alikufa kwa kifua, unga ulimkaa mapafuni. Msisahau hilo mkimwona msagaji bila kitambaa puani. Baada yake mambo yalikuja kwa mfululizo, na yote yalikuja kwa sura nzuri. Ikaja lami. Ukaja umeme, hendeli ikawa chuma cha kuzuilia mlango. Mtoto wa tajiri alirithi banda, akaleta mota inayowaka kwa kubonyeza kitufe, nami nikaishangilia, kidole changu kikiwa shahidi. Ukaja unga wa pakiti, mweupe kama chokaa. Watoto wa Wasandawe waliosoma mjini wakaanza kuona aibu kufungua kiporo chekundu mbele ya wenzao.

Halafu ukaja ufuta. Wanunuzi walijaa Njiapanda, na kila mtu mwenye mtaji akatazama magharibi. Matrekta yalipita mbele ya banda, yakaingia barabara ya tatu. Mashamba yakakodishwa, misimu ikaongezwa juu ya misimu, mipaka ikasogea, na waliokodisha wakajikuta ni vibarua juu ya ardhi ya babu zao. Hakuna aliyekuja na bunduki. Walikuja na mkataba, na soda.

Foleni ya mtama mwekundu ilifupika. Nilikuwa nikiomba iishe, kwa jinsi ilivyoniuma. Iliisha. Siku niliyoutazama ule ukuta na kuukuta hauna mtu, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimeomba.

Mama Yosefa akaja. Alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, mjukuu wake Beno amemleta kwa pikipiki. Alikuwa na kile kibuyu. Nilikijua kabla sijakigusa. Nikatia mkono, ukatoka na majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisagie."

"Umebakiza?"

"Sikubakiza."

Nikasimama kama alivyosimama mzee wangu. Nikaukausha uso. "Mama, mashine imeharibika."

Nyuma yangu mota ilikuwa inanguruma, na kijana wa bosi anamsagia mtu mahindi. Umeme hauna adabu ya kunyamaza unapohitajiwa unyamaze. Mama Yosefa alisikiliza ule mlio mpaka ulipoisha.

"Chibehe alinidanganya," alisema, "kwa sababu shamba lilikuwepo. Wewe mwanangu unanidanganya kwa ajili gani?"

Nikajifuta majivu mkononi, naye akaendelea.

"Yosefa mwanangu amewapa watu wa ufuta shamba lote mpaka mlangoni. Sikumlaumu, ana watoto shuleni. Nibakize, nikapande wapi? Juu ya kitanda?" Akacheka kidogo, peke yake. "Peta majivu yatoke, unisagie. Nataka kuula mara ya mwisho nikiwa na meno."

Nilipeta. Nilisaga. Hapakuwa na foleni ya kumweka mwisho, alisaga mara moja kama mke wa mkurugenzi. Unga ulitoka mwekundu vilevile, na harufu ikajaa bandani mpaka yule kijana akauliza ni kitu gani. Nikamfungia, Beno akampakia, wakaenda. Nililia, tena mchana kweupe. Kijana alidhani ni vumbi.

Jioni nilifungua mashine kuisafisha, na pale kwenye kilango cha bati, kooni, palikuwa na punje. Nzima, nyekundu, zimejibana kama zilizokataa. Zilijaa konzi moja. Mashine haimalizi, nani asiyejua? Mimi nilikuwa nimesahau kwa uchungu. Nikazichagua moja moja, nikazitia majivu ya jikoni kwangu, nikazifunga kwenye kopo. Nikampigia Beno simu, nikamwambia amwambie bibi yake: mashine imebakiza.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Bibi amesema upande. Akasema pia umpelekee suke moja, hata kama hataliona, atalishika.

Wajukuu zangu, sijawahi kupewa kazi kubwa kuliko hiyo. Nilipostaafu na kuja kwenu hapa, nguo zangu zilikuja kwenye mfuko wa rambo na kopo lilikuja mapajani. Nilikuwa nimeshazungumza na binamu yangu wa Buigiri, amenipa kipembe cha shamba, nangoja mvua tu. Kopo nililiweka juu ya kabati la jikoni, mahali pakavu.

Mama yenu ni mtu mwema. Nataka mnisikie vizuri hapa, msije mkamnunia. Alikuwa anafanya usafi wa sikukuu. Alishusha lile kopo, akaona nafaka ya baba mkwe imechafuka majivu, akanihurumia. Akaziosha. Akaziosha kwa maji mengi mpaka zikang'aa, akazianika kwenye sinia, akazitia kwenye chupa nzuri ya kioo yenye mfuniko wa bluu, ile ya sukari, akairudisha palepale ili siku nikiiona nifurahi. Hakuniambia. Alitaka nishtukie mwenyewe.

Mvua ilipopiga mara ya kwanza nilivaa viatu, nikapanda kiti, nikainua mkono juu ya kabati. Ndani ya chupa mlikuwa na unga. Fukusi walikuwa wamesaga vizuri kuliko mimi, laini, wa kupita chekeche lolote. Nikamimina mezani nikitafuta hata moja iliyo nzima. Kila niliyoibonyeza ilikuwa ganda. Nilipanda zile zilizoonekana nzima kidogo kwenye ndoo, pale nyuma, ile ndoo mnayouliza kwa nini namwagilia udongo mtupu. Mama yenu aliniuliza, "Baba, umeipenda chupa?" Nikamwambia nimeipenda sana.

Akiba haiozi, wanasema. Waliosema hivyo walikuwa na majivu.

Nimekaa na jambo hili, sioni mlango wake. Mbegu ile haiko dukani, na duka lenyewe halijui iulizwe kwa jina gani, na jina mimi siwezi kulitaja. Beno anasema ameuliza vijiji vyote vya jirani, ni ufuta na alizeti mpaka macho yanachoka. Mngekuwa mnanitaka niwape neno la kuwatia moyo, kama wazee wa kwenye redio, ningelipenda kuwapa. Nimelitafuta kooni, hakuna punje.

Mvua zilizofuata, simu yangu ililia nikiwa nje kwenye kigoda. Ni namba ya Beno, lakini sauti haikuwa ya Beno.

"Mwanangu Mgogo," alisema Mama Yosefa. Akaulizia afya yangu, mgongo, watoto, nyumba. Kisha akalitaja jina la mtama, na ule mlio ukapita kwenye simu safi kabisa, kana kwamba amekaa ukutani kwangu. Akauliza, "Umebakiza?"

Nilisikia. Nilisikia hata kuku wakiparura nyuma yake. Nikapaza sauti kama mnavyonipazia nyinyi: "Mama, sikusikii! Masikio, mama! Masikio!"

Alicheka. "Pole, mwanangu. Kazi imekumaliza. Nitauliza tena."

Naye anauliza. Kila mawingu yanapojikusanya anamwomba Beno simu, na kila mara mimi ni kiziwi. Kwa hiyo mkiisikia ikiita humu ndani, msinikimbilie nayo mkipiga kelele, "Babu, simu! Babu, simu!" Nimeisikia. Iacheni iite.